Kipaji cha Lusungu Mgaya

Usiku wa kuamkia Jumapili, Kocha Editruda Komba aliota yuko kwenye foleni ya kupima vipaji, na aliyemtangulia kwenye foleni hiyo alikuwa mpira wa kikapu.

Ili ndoto yenyewe ieleweke, ni vizuri kusema kwanza alilala na nini kichwani.

Kocha Editruda alifundisha timu ya wanawake ya chuo kikuu kimoja huko Morogoro. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mrefu, mwenye sauti iliyokwaruzika kwa kupiga kelele pembeni mwa viwanja. Mwaka ule chuo kilimpa nafasi moja tu: amchague msichana mmoja anayemaliza kidato cha sita, asomeshwe bure na aichezee timu. Ndiyo maana alipanda mpaka Njombe kwenye baridi, kumtazama Lusungu Mgaya, ambaye sifa zake zilikuwa zimemfikia kabla ya picha yake.

Alikuja na shaka zake pia. Mwaka uliotangulia shule nyingine ilimpa msichana mpole, mwenye kasi ya ajabu, eti wa kidato cha sita. Na wiki ya kwanza tu ya mazoezi, msichana huyo akafuatwa getini na mtoto wake wa darasa la tano. Tangu siku ile Kocha Editruda hakuamini cheti wala chozi.

Jumamosi mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja wa shule, akatazama. Uwanja ule una kikapu kimoja kilichosimama mbele ya ukuta wa bweni uliopakwa kijani kilichokoza. Cha pili, cheupe kama mwenzake, kiko ukingoni mwa mteremko, na nyuma yake hakuna kitu ila anga jeupe la Njombe. Kipindi cha kwanza Lusungu alishambulia upande wa ukuta, na hakukosa. Alirusha kutoka pembeni, alirusha kutoka mbali, alirusha huku ameangushwa. Wenzake wakimwita "Lusu! Lusu!" aliwapasia bila hata kugeuza shingo, na mpira ukawakuta mkononi.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, na Lusungu akaacha kurusha. Mpira ukimfikia, anautoa. Akiachwa peke yake chini ya kikapu, hakuna wa kumsumbua, anautoa. Timu yake ilishinda kwa taabu.

"Kwa nini aliacha kufunga?" Kocha alimuuliza mwalimu wa michezo.

Mwalimu Hongoli, mtu mfupi mwenye tabasamu lisilopumzika, alijibu haraka mno. "Ni unyenyekevu tu, Kocha. Watoto wa huku wamelelewa hivyo."

"Kipindi cha kwanza hakuwa mnyenyekevu."

"Unyenyekevu wake huwa unakuja taratibu."

Lusungu mwenyewe, alipoulizwa, alitazama viatu vyake akasema alichoka. Lakini mtu aliyechoka hakimbii vile, na Kocha alimwona akikimbia mpaka dakika ya mwisho. Basi ni nini? Goti bovu linalofichwa? Umri uliopunguzwa? Au walikubaliana na timu ya wageni nani ashinde kwa ngapi? Kocha alirudi nyumba ya wageni, akala viazi na maharage, akajifunika mablanketi yote yaliyokuwemo chumbani, akalala akiwa hajaamua. Mwalimu Hongoli angemfuata kesho yake baada ya misa kuchukua jibu.

Basi. Kwenye ndoto yuko kwenye foleni, na mpira uko mbele yake.

Mpira wenyewe ulikuwa umechunika upande mmoja na ulipumua kwa shida.

"Wewe ndiye wa mwisho?" Kocha akauliza, kama watu wanavyouliza zahanati.

"Nilikuwa mimi," mpira ukasema. "Sasa ni wewe."

"Unaumwa nini?"

"Nadundwa."

"Na nani?"

"Na kila mtu. Silalamiki, ndiyo kazi. Lakini nikiulizwa nasema."

Kocha akautazama kwa jicho la pembeni. Alijiuliza mpira unafanya nini kwenye foleni ya vipaji, na nani kauleta, na kama Mwalimu Hongoli anahusika.

Foleni ikaisha ghafla, kwa sababu ilikuwa na watu wawili tu. Ndani alikaa mpimaji mwenye kofia ya sufi iliyofunika masikio, na mbele yake, kwenye kigoda, alikaa Lusungu Mgaya na jezi yake ya jana, amefumba macho. Mpimaji alikuwa ameshika rula ya mbao. Akaiweka juu ya nyusi za msichana, akapima mpaka nywele zinapoanza.

"Kipaji anacho," mpimaji akasema. "Njoo uone mwenyewe. Kuanzia hapa mpaka hapa, chote ni chake. Kipana, hakina kovu."

"Hicho ni kipaji cha uso," Kocha akasema. "Mimi naulizia kipaji cha mpira."

"Cha mpira nimeshapima." Mpimaji akauonyesha mpira, ambao ulikuwa umeingia bila kuitwa. "Huyu hana nywele wala nyusi. Kwa hiyo yeye mwili mzima ni kipaji. Unataka nimuandikie?"

Mpira ukajifanya haujasikia, lakini ulivimba kidogo.

Kocha hakutaka kudanganywa kirahisi hivyo. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye goti la kulia la Lusungu.

"Niko salama, asante," goti likasema. "Na wewe?"

Akahamia la kushoto. La kushoto likasema limeshalisikia swali, na jibu ni lile lile.

"Mbona amefumba macho?" Kocha akauliza, akiwa bado chini.

"Ayafumbue ya nini? Hapa tunapima vipaji. Macho ni chumba cha pili."

"Niende chumba cha pili, basi."

"Chumba cha pili kimefungwa."

"Nani amekifunga?"

Mpimaji akavuta kofia ikafunika masikio zaidi. Kisha akamgeuzia Kocha ile rula, akamkaribia usoni kama mtu anayetaka kuua mbu. "Na hiki chako kimekunjamana sana. Umekikunja tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," Kocha akasema.

"Kinahitaji kupumzishwa. Anayefuata!"

Hakukuwa na anayefuata, lakini Kocha akajikuta yuko nje.

Kwenye benchi la nje amekaa umri wa Lusungu. Kocha aliutambua mara moja, kama unavyomtambua ndugu wa mtu unayemfahamu. Ulikuwa umevaa sare ya shule na soksi zilizoshuka, na ulikuwa ukila andazi.

Hapo Kocha akasisimka. Huu ndio aliokuwa akiutafuta. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe ni umri wake wa kweli?"

"Kumi na tisa," umri ukasema, mdomo umejaa.

"Wa kuzaliwa au wa mpira?"

"Mama yake ananijua."

"Simama. Vua viatu."

Umri ukavua viatu, ukasimama ukutani. Kocha akaangalia visigino kama vimeinuka. Havikuinuka. Akaugeuza nyuma, akatafuta mahali uliposhonewa, maana umri uliopunguzwa lazima uwe na pindo mahali fulani. Akapapasa mgongo mzima. Hakuna uzi, hakuna pindo.

"Una ndugu?"

"Ninaye mdogo wangu, wa kumi na nane. Ameshaondoka. Na kaka yangu wa ishirini yuko njiani."

"Huwa mnaonana?"

"Hatujawahi," umri ukasema, na kwa mara ya kwanza ukaonekana kuhuzunika. "Akifika yeye, mimi nakuwa sipo."

Kocha akaurudishia viatu. Badala ya kufurahi kwamba umri ni wa kweli, alihisi kama amenyimwa kitu. Mtu asiye na kosa la kuonekana, alijisemea, ndiye wa kuchunguzwa zaidi. Umri ukammegea andazi. Akalinusa kwanza ndipo akalipokea, na lilipofika mkononi lilikuwa kiazi.

Lilikuwa kiazi kwa sababu yuko sokoni. Ukuta wa ile zahanati ya kupimia vipaji umegeuka magunia, na benchi limekuwa meza ya mama mmoja mnene aliyejifunga khanga kifuani juu ya sweta. Juu ya meza kulikuwa na vikapu vya ukindu, vingi, na vyote vilikuwa vimefungwa midomo kwa kamba ya katani, mafundo juu ya mafundo.

"Dada, na wewe unamjua huyu Lusungu?" mama akaanza, bila salamu. "Angalia kazi yake. Hivi vyote kafunga yeye, kipindi cha kwanza peke yake. Watu wanamshangilia! Sasa niambie, nani atanunua kikapu kilichofungwa?"

"Huwa anafunga hivyo?"

"Anafunga akiwa mbali, anafunga akiwa anaanguka. Mimi nimekaa hapa na wembe nafungua kimoja kimoja."

Kocha akakisogelea kikapu kilichokuwa karibu. "Ni kweli alikufunga mwenyewe, hakusaidiwa?"

"Mmmh," kikapu kikasema. "Mmh, mmmh."

"Hawezi kuongea huyo, mdomo si umefungwa," mama akasema. "Muulize yule."

Akaonyesha juu. Kikapu kimoja kilikuwa kinaning'inia hewani, mbali na vingine, hakijashikiliwa na kamba wala nguzo. Nyuma yake kulikuwa na anga jeupe tupu, hata paa la soko lilikuwa limekipisha. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayesubiri kulishwa.

"Wewe hakukufunga," Kocha akakiambia.

"Hakunifunga."

"Mlikosana nini?"

"Hatujakosana. Hajawahi kuniona."

Kocha akacheka kile kicheko chake cha pua. "Yuko shule hii tangu kidato cha kwanza. Kila jioni yuko uwanjani. Halafu hajawahi kukuona?"

"Mwenzangu wa ukutani anamwona. Mwenzangu ana kijani nyuma yake, anajitokeza. Mimi nina hili anga. Mimi na anga kwake ni kitu kimoja."

"Nani amekutuma useme hivi?"

"Muulize mwenyewe rangi yangu."

Lusungu alikuwa amesimama pale pale karibu na magunia, kama aliyekuwepo siku zote, bado amefumba macho. Kocha akamwita karibu.

"Lusungu, kile kikapu cha upande wa mteremko kina rangi gani?"

Msichana akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, uso umekunjamana kwa juhudi, kama mwanafunzi anayetaka kupata vema.

"Kina rangi ya kelele, Kocha," akasema. "Mpira ukikigonga kinalia kama sufuria. Wakati mwingine siku za upepo kinalia chenyewe, hapo ndipo najua kiko wapi."

"Hilo si jibu."

"Ndiyo, Kocha," Lusungu akasema kwa unyonge.

Kocha aliyaona machozi yakipenya kwenye kope zilizofumbwa, akakumbuka kwamba haamini machozi. Akakigeukia kikapu, akamgeukia mama wa vikapu, akaugeukia hata mpira, ambao ulikuwa kwapani mwake sijui tangu lini. Aliwaona wote wamekaa kikao, wamepanga maneno. Kila mmoja anamwambia jambo lile lile kwa njia yake, na watu wakisema jambo moja wote, hapo pana namna.

"Nataka kuona chumba cha pili," akasema kwa sauti. "Sasa hivi."

Chumba cha pili kiko katikati ya soko, kati ya wauza kabichi na wauza mitumba. Ni mlango tu, hauna nyumba. Mbele yake wamekaa walinzi wawili juu ya ndoo zilizopinduliwa, wamevaa makoti ya mvua ya kampuni isiyojulikana, na kila mmoja ana rungu.

"Ninyi ni nani?"

"Sisi ndio ulinzi," wakasema pamoja.

"Ulinzi wa nini? Wa chumba?"

"Kuna ulinzi wa eneo na ulinzi wa mtu kwa mtu," akasema wa kwanza. "Sisi ni wa eneo. Mtu kwa mtu yupo likizo."

"Naomba kupita."

"Ukipita tutakukaba."

Kocha amefundisha wasichana kukaba kwa nusu ya maisha yake. Hakuona la kumtisha. Akapiga hatua, na wale walinzi wakainuka, wakamshika shingoni kwa adabu, mmoja kushoto mmoja kulia.

"Usituelewe vibaya," wa pili akamnong'oneza sikioni. "Tunakukaba kwa mujibu wa sheria."

Hapo ikasikika firimbi. Haikupigwa na mtu; ilikuja yenyewe kwa miguu, firimbi ya chuma yenye urefu wa mtu, imevaa kaptula nyeusi, na njegere yake, ile punje ya ndani, inazunguka kifuani kwa hasira.

"Huyu mama ametembea na mpira," firimbi ikatangaza.

Kocha akautazama mpira kwapani. Haikuwezekana kukana.

"Ametembea naye kutoka zahanati mpaka hapa, mchana kweupe. Hakumdundisha hata mara moja. Watu wameona."

Wauza kabichi wakaitikia kwamba wameona.

"Mimi ni mjane," Kocha akasema, na sauti yake ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Na huyu nilimkuta tu kwenye foleni."

"Wote husema hivyo."

Kocha akauangalia mpira umtetee. Mpira ukatazama pembeni, jambo ambalo lilizidisha aibu.

"Mimi sikufanya kitu," Kocha akasema tena. "Niulizeni vizuri. Angalieni vizuri. Mnawezaje kunihukumu kwa kunitazama mara moja tu?"

Njegere ya firimbi ilisimama kuzunguka. Mama wa vikapu aliacha kukata kamba. Kocha akasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka kwenye magunia, taratibu, mpaka yakamfikia.

"Kipindi cha pili," firimbi ikasema hatimaye, kwa upole. "Aingie."

Walinzi wakamwachia shingo, wakamfungulia mlango.

Ndani ni uwanja wa shule. Ni mchana wa Jumamosi, upande wa mteremko, na Kocha Editruda amevaa jezi.

Anatafuta kikapu. Anajua kipo, kwa sababu uwanja hauwezi kuwa na kikapu kimoja. Lakini mbele yake kuna weupe tu, kama mtu amemwaga uji wa sembe kuanzia chini mpaka mbinguni. Anasugua macho. Weupe unabaki. Watu wanapita karibu naye wakiwa rangi tu, rangi nyekundu, rangi ya njano, na juu ya kila rangi, mahali pa uso, pamefutwa.

"Lusu!" anaitwa. "Lusu, hapa!"

Ndiye yeye. Mkono wake unajua kabla yake. Anautoa mpira kuelekea sauti, na anasikia ukipokelewa, pa! Hajamwona aliyempa.

Mpira unarudi. Amebaki peke yake sasa, hakuna rangi yoyote karibu, na watu wanapiga kelele, "Rusha! Rusha!" Anajua kikapu kiko hapo juu, karibu kiasi cha kukitemea mate. Hakina upepo wa kukiliza. Hakisemi. Akirusha akakosa akiwa chini yake kabisa, watajua wote. Watauliza. Watamtoa kwenye timu, na nje ya timu hakuna Morogoro, kuna shamba la viazi la baba yake na ukungu wake.

"Turushe?" mpira unamnong'oneza. "Lakini wapi?"

Anautoa.

Kisha anahisi baridi upande wa kushoto, si baridi ya Njombe, nyingine. Anageuka. Kando ya uwanja kuna umbo refu limekaa kwenye kiti cha plastiki. Halina uso, kama wote. Lakini haihitaji uso. Shaka yake inavuka uwanja mzima na kumgusa shingoni, na yeye aliyevaa jezi anajua kabisa kwamba lile umbo limeshaamua, na kwamba halitauliza swali hata moja lenye msaada.

Anataka kulipigia kelele. Anataka kulieleza. Anachofanya ni kutazama viatu vyake.

"Sasa umeelewa?" mpira unamuuliza.

"Sijui," Kocha anasema. "Natilia shaka."

"Haya." Mpira unatoa pumzi ndefu, unalegea mikononi mwake. "Mimi wengine wote wananitazama. Yeye ananisikiliza. Siku mkimpa macho, angalieni msimnyang'anye masikio."

"Nani amekwambia tutampa macho?"

Lakini mpira ulikuwa umeishiwa upepo.

Kocha Editruda aliamshwa na mtu anayefagia uani. Jua lilikuwa limeshatoka, lile jua la Njombe linalong'aa bila kupasha moto, na mablanketi yote yalikuwa sakafuni. Alikaa kitandani akajishika shingo. Haikuuma.

Hakuwa mtu wa ndoto. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa na tabia ya kuamka na kusimulia, na Kocha alikuwa akimwambia anywe chai kwanza. Aliilaumu ile sahani ya viazi. Halafu, akiwa anatia dawa kwenye mswaki, akafanya uamuzi wake kwa akili timamu. Msichana anayeacha kufunga bila sababu ni msichana mwenye sababu asiyotaka ijulikane, na nafasi ilikuwa moja. Angemwambia Mwalimu Hongoli, "Tutawasiliana." Mwalimu angeelewa; kila mtu anaelewa tutawasiliana. Akalirudia neno hilo mbele ya kioo ili litoke bila kutetemeka.

"Shikamoo, Kocha."

Sauti ilitoka nje. Akasogeza pazia.

Uani, Lusungu Mgaya alikuwa amesimama akiwa na gauni la kanisani na sweta la shule, amepiga goti kidogo kwa heshima. Alikuja peke yake. Mbele yake, kwenye kamba ya kuanikia, mwenye nyumba alikuwa ametundika koti refu la baridi likauke, koti la kahawia, kwenye henga, limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, Kocha," Lusungu akaliambia tena koti, kwa sauti zaidi.

Koti halikuitikia. Kati yake na msichana palikuwa na umbali mdogo, umbali ambao hata kuku wa nyumba ile walijua kwamba hilo ni koti. Hakukuwa na ukungu. Anga nyuma ya kamba lilikuwa jeupe.

Mswaki ulibaki mdomoni mwa Kocha.

Lusungu alibaki ameinama, vidole vikivuta mkono wa sweta. "Najua umenikasirikia," akasema. "Mwalimu hajui kama nimekuja. Nimetaka nikuambie mwenyewe kabla hujaondoka. Jana sikuwa nimechoka, Kocha."

Upepo ukalisukuma koti, likageuka upande, kama mtu anayempa mwenzake bega. Uso wa msichana ukanywea.

Kocha angeweza kuitika kutoka pale dirishani. Mdomo aliufungua. Kisha akaona jinsi msichana atakavyogeuka, atakavyotazama dirisha, atakavyotazama tena kamba, na aibu itakavyomshuka mpaka miguuni. Akautema mswaki kwenye beseni. Akatoka mlango wa nyuma bila viatu, akazunguka bafu la nje kwenye umande wa baridi, akimpungia mkono mfagiaji anyamaze, akainama akapita chini ya kamba, akasimama nyuma ya lile koti lenye unyevu, bega kwa bega nalo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Endelea. Nakusikiliza."